Ukitafuta Kaburi Siaya, Tafuta Kwanza Boma

Asubuhi yangu ya kwanza Alego, Kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, nilifungua dirisha nikakutana na kaburi. Lilikuwa la baba mkwe, kama hatua kumi kutoka mlangoni, limesakafiwa kwa saruji, na juu yake mama mkwe alikuwa ameanika mahindi. Mbuzi mmoja alikuwa akiyanyemelea. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Kwetu wafu wana mahali pao: kuna makaburi ya Waislamu, kuna ya Wakristo, na koo nyingine zina yao wenyewe, kama yale ya kina Mazrui karibu na Ngome ya Yesu, ambako Profesa Ali Mazrui alirudishwa kutoka Marekani akazikwa mwaka 2014. Ukitaka kuzuru, unafunga safari. Hapa Siaya marehemu yumo bomani, na watoto wanacheza karibu naye.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nafundisha Kiswahili na historia katika shule moja ya kutwa, nilijiingiza katika kazi ya kuandika mahali walipozikwa wanasiasa wa kaunti hii. Ndipo nilipoona kwamba lile lililonishtua dirishani ndilo lililokuwa la kujua kabla ya yote.

Chanzo ni swali la mwanafunzi. Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani, alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025, akazikwa Bondo, hapa Siaya, tarehe 19, kwa kuwa alikuwa ameacha wosia kwamba asicheleweshwe. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Mashujaa. Jumanne tuliporudi darasani hakuna aliyekuwa na moyo wa kusoma ngeli. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono: "Mwalimu, huyu sasa tunajua amelala wapi. Na wale wengine?" Nikaanza kutaja. Nilifika majina matatu nikakwama. Niliona aibu, maana mimi ndiye mwalimu wao wa historia, na watu hawa hawako mbali nasi. Wengine ni mwendo wa bodaboda wa nusu saa.

Tulikubaliana mimi na chama cha historia: likizo ya Disemba na Jumamosi za muhula wa kwanza, daftari moja, na simu yangu ya kupigia picha na kuweka alama kwenye ramani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa mipaka. Kila mzee niliyemuuliza alianza na Tom Mboya, waziri wa miaka ya sitini. Mboya yuko Rusinga, ndani ya lile jengo la ukumbusho lenye umbo la risasi, na Rusinga ni Homa Bay. Wa pili aliyetajwa ni Robert Ouko, naye waziri. Ouko yuko Koru, nako ni Kaunti ya Kisumu. Iliniuma kuwaacha, lakini ukianza kuvuka mpaka kwa mmoja utavuka kwa wote na daftari halitaisha.

Halafu kuna karatasi za zamani, ambazo zinachanganya kwelikweli. Ukisoma habari za maziko ya Jaramogi Oginga Odinga, babake Raila, mwaka 1994, utaambiwa ni Wilaya ya Siaya. Ukisoma za Achieng' Oneko, mwaka 2007, utaambiwa ni Wilaya ya Bondo. Bondo ilikatwa ikawa wilaya mwaka 1998, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 ikawa chini ya Siaya tena, pamoja na Rarieda, Gem, Ugenya, Ugunja na Alego Usonga. Kwa hiyo kila jina tuliliandikia safu mbili: wilaya ya wakati ule, na eneo bunge la leo. Na usisahau kwamba boma la Jaramogi, Kang'o, liko mahali panapoitwa Nyamira. Mwanafunzi wangu mmoja aliweka alama yake kwenye ramani ya simu kule Kaunti ya Nyamira, kwa Wakisii. Hii Nyamira ni ya Bondo. Anayetaka kwenda aulize "Kang'o ka Jaramogi", hatapotea.

La pili ni nani wa kuandikwa. Mawaziri na wabunge hilo halina mjadala. Mimi nilishikilia madiwani nao wahesabiwe, wale wa mabaraza ya zamani kabla ya kaunti. Wenzangu wawili katika chumba cha walimu walisema ninajichosha. Sikukubali wakati ule na sikubali leo. Mbunge ana kumbukumbu za bunge zinazomhifadhi. Diwani aliyepigania josho la ng'ombe na kisima cha kijiji ana kaburi lake tu, na likishapasuka saruji na kumea nyasi, hakuna mahali pengine pa kumkuta.

Sasa, unampataje? Nilipoteza majuma mawili nikitafuta kwenye intaneti. Jioni moja mama mkwe, aliyekuwa akichambua maharagwe na kunitazama, akaniambia, "Nyar Mombasa", yaani binti wa Mombasa, "mbona unatafuta mbali hivyo? Hebu lete lile sanduku." Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la bati, na ndani, vimefungwa kwa leso, vijitabu vya mazishi. Vile vinavyogawiwa siku ya maziko, vyenye picha ya marehemu mbele, wasifu katikati na utaratibu wa ibada nyuma. Alikuwa navyo zaidi ya arobaini, kimoja kikiwa kimeandikwa kwa taipureta, wino umegeuka zambarau. Kwake kutupa kijitabu cha mtu ni kama kumtupa mtu mwenyewe. Usiku ule nilipata majina kumi na moja ya madiwani, na kila mmoja kijiji chake na kata yake ndogo. Nikajua kwamba kila nyumba ya mama wa umri wake ina sanduku kama hilo. Matangazo ya tanzia kwenye magazeti ya zamani pia yalitufaa, kwa kuwa karibu kila moja humalizia kwa kusema maziko yatafanyika "nyumbani kwake", kisha kijiji.

Neno hilo, nyumbani kwake, ndilo la kushika. Mjaluo anazikwa kwake. Asiyejenga hujengewa walau kijumba kabla ya kuzikwa, ili aingie kwake kabla ya kuingia ardhini. Kwa hiyo huendi "makaburini", unaenda kwa watu. Tulipitia kwanza kwa naibu wa chifu, naye akatupa mzee wa kijiji wa kutuongoza. Tulibisha hodi, tukakaa, tukanywa maji au chai, tukaeleza tulichokuja nacho. Simu ilibaki mfukoni mpaka mwenye boma aseme sawa. Familia mbili zilikataa picha. Tuliandika jina na kijiji, tukawashukuru, basi.

Mahali palipokuwa rahisi kuliko pote ni Kang'o, kwa sababu pako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na wageni wamezoeleka. Tulienda Disemba. Watu walikuwa bado wanamiminika kwa Raila, wengine wamekaa tu kimya kwenye nyasi. Raila alikuwa na boma lake mwenyewe Opoda, hapo hapo Bondo, lakini amelazwa kwa babake, na ndipo alipozikwa pia mwanawe Fidel mwaka 2015. Mama mkwe, tulipomsimulia, alinyamaza kidogo halafu akasema, "Amerudi kwa babake. Hilo halina ubaya." Niliwasimulia wanafunzi habari za Jaramogi palepale alipolala: makamu wa kwanza wa rais, aliyejiuzulu Aprili 1966 akaunda chama cha upinzani cha KPU (Kenya People's Union), kilichopigwa marufuku mwaka 1969. Mvulana mmoja aliyekuwa akisinzia darasani kila siku aliuliza maswali manne.

Kwa Achieng' Oneko, kijiji cha Kunya, Rarieda, nilikwenda na moyo mzito zaidi. Huyu ni mmoja wa wale sita wa Kapenguria, Jomo Kenyatta akiwemo, walioshtakiwa kuongoza Mau Mau, waliokamatwa usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, tarehe ile ile tunayoiita leo sikukuu ya Mashujaa. Mkoloni alimfunga. Uhuru ukaja, akawa waziri wa habari, kisha akamfuata Jaramogi KPU, na serikali ya nchi aliyoipigania ikamweka kizuizini kuanzia 1969 hadi 1975. Aliwahi tena kuchaguliwa mbunge, Rarieda, mwaka 1992. Kati ya wale sita yeye ndiye aliyefariki mwisho. Wanafunzi wangu wanapita sikukuu hiyo kila mwaka wakijua ni siku ya kulala, na kumbe mmoja wa wenye siku yuko kaunti yao.

Vivyo hivyo jina la Argwings-Kodhek. Nilipolitaja, aliyekuwa amewahi kufika Nairobi alisema, "Hiyo ni barabara." Nikawaambia barabara hiyo imechukua jina la mtu wa Gem, wakili aliyewatetea washukiwa wa Mau Mau wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa hatari, mbunge na waziri, aliyefariki Nairobi Januari 1969.

Kosa langu kubwa nililifanya Ugenya. Tulikuwa tumepata boma la diwani mmoja wa miaka ya sabini. Mwenye boma hakuwepo, kijana aliyetupokea hakujua mengi. Kulikuwa na sakafu mbili za saruji, moja kila upande wa nyumba ya zamani. Moja haikuwa na maandishi kabisa. Nyingine ilikuwa na jina la ukoo na tarakimu mbili za mwisho za mwaka, mengine yamefutika. Nikaandika, nikapiga picha, tukaondoka tukiwa na furaha.

Nyumbani mama mkwe aliitazama ile picha kwenye simu. "Liko upande gani wa nyumba?"

Nikamwambia kushoto.

"Ukiwa umesimama mlangoni, unatazama lango?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi huyo si diwani. Huyo ni mkewe. Mwanamume ni kulia."

Alikuja nami Jumamosi iliyofuata, kwa bodaboda, amejifunga leso mbili kwa ajili ya vumbi. Safari hii mwenye boma alikuwepo, mzee wa makamo, mtoto wa marehemu. Mama mkwe aliomba maji kwa kopo. Aliinama, akafagia majani kwa kiganja, akamwaga maji taratibu juu ya saruji kavu, akangoja. Maji yalipokauka juu na kubaki ndani ya mikwaruzo, herufi zilianza kutokea nyeusi: mtu alikuwa ameziandika kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Neno la kwanza lilikuwa "Mama". Yule mzee alipiga magoti akalisoma kwa kidole. Alikuwa mdogo mama yake alipozikwa, alituambia, na siku zote alidhani saruji ile haina maandishi ila jina la ukoo.

Tangu siku hiyo tulikwenda asubuhi mapema, jua likiwa linapiga kwa ubavu, tukiwa na chupa ya maji. Chaki na mkaa tulikataza kabisa, kwa kuwa hutia doa na si vyetu. Na daftari likapata safu nyingine: kulia au kushoto.

Wanawake ni wachache mno katika orodha yetu. Grace Ogot ndiye aliyenigusa. Alizaliwa Asembo, akaolewa Gem, akaliwakilisha Gem bungeni kuanzia 1985, na alipofariki Machi 2015 alizikwa kwa mumewe, Gem. Katika daftari la mtu anayetafuta kwa mahali pa kuzaliwa, hutampata. Mwanamke wa hapa mtafute alikoolewa.

Ukurasa wa mwisho una jina la mtu ambaye hakuwa mwanasiasa, na nimeliacha kwa makusudi. S.M. Otieno, wakili, alifariki Nairobi tarehe 20 Disemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, Mkikuyu, aliyepigana upande wa Mau Mau na aliyewahi kugombea ubunge, alitaka kumzika shambani kwao Matasia, karibu na Nairobi. Ukoo wa marehemu, Umira Kager, ukataka arudi kwao. Kesi ilikwenda mpaka Mahakama ya Rufani, maiti ikangoja miezi mitano, na tarehe 23 Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, hapa Siaya. Mimi niliyeolewa kutoka mbali nilikuwa nikisoma kesi ile kama hadithi ya watu wengine. Nilipoandika jina la Nyalgunga kwa mkono wangu, nilikaa muda mrefu bila kufunga daftari.

Nilimsimulia mama mkwe. Aliikumbuka vizuri, redio ilikuwa ikisikilizwa boma zima. Akatoka, akasimama mlangoni, akatazama lango, akanyosha mkono wa kushoto kwenye kitalu chake cha sukuma wiki. "Hapa ni pangu. Msije mkapanda mgomba." Kisha akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Utataka huku, au Mombasa?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui, na kwamba sijawahi kuzungumza na mume wangu jambo hilo. Akasema nizungumze naye nikiwa bado nina nguvu, halafu akaniita tuanue mahindi.