Hivi vyeti vya IT, nilipe au niache?

Hela ya mtihani wa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ninayo, dola 300, ila kila nikifungua ukurasa wa kulipia nasita. Yaani ni dola 300 za kukaa mbele ya kompyuta dakika 120, ukifeli ndo imeenda hiyo, ukitaka kurudia unalipa upya yote. Na hapo hujahesabu kitabu, kozi za video, wala mitihani ya mazoezi ambayo nayo inauzwa.

Watu wanabishana sana kama vyeti vina faida au havina, mi naona ubishi hauishi kwa sababu kila mtu anaongelea hali yake. Anayetafuta kazi ya kwanza ya helpdeski (kusaidia watu waliokwama na kompyuta) hana cha kuonyesha, CV yake inapita kwanza kwa mtu wa HR ambaye kazi yake sio kujua ruta na swichi zinatofautianaje, yule anatafuta tu kama imeandikwa A+ (cheti cha wanaoanza ufundi wa kompyuta) au CCNA, isipokuwepo CV inawekwa pembeni kabla fundi yeyote hajaiona. Huyo cheti kinamsaidia kweli kweli. Ila aliyeshika seva miaka na miaka ataulizwa amejenga nini na siku mfumo umelala aliuamshaje.

Kingine ambacho watu hawakipigii hesabu ni kwamba vingi vinaisha muda. CCNA miaka 3, Security+ (cha usalama wa mifumo) miaka 3, vya AWS (klaudi ya Amazon) hivyo hivyo. Microsoft vile vya ngazi ya associate vinaisha kila mwaka, ila kuhuisha ni bure na unafanyia nyumbani kwa intaneti, hapo nawapongeza kwa dhati. CISSP, cheti cha usalama cha wazoefu, ndo kabisa, mtihani dola 749, halafu wanataka uzoefu wa kazi wa miaka 5 kwenye maeneo yasiyopungua 2 kati ya 8 ya mtaala wao, na ukishakipata kuna ada ya kila mwaka. Namuonea huruma kijana anayeambiwa aanze na hicho eti kwa sababu ndo kina mshahara mkubwa.

Mimi kilichonishika kwenye CCNA ni maabara. Juzi nilikuwa nahangaika kwenye Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, nimegawa VLAN mbili (mitandao iliyotengana ndani ya swichi zile zile), seva ya DHCP, ile inayogawia kompyuta anwani, iko VLAN 10, kompyuta iliyo VLAN 20 inagoma kupata anwani, nikiangalia naona 169.254 na tarakimu zingine mbele, maana yake imejipa yenyewe baada ya kukosa jibu. Nikakagua kebo, nikakagua trunki (kiungo kinachobeba VLAN zaidi ya moja), kila kitu kipo sawa. Kumbe ombi la DHCP linatoka kama tangazo kwa wote, na ruta haivushi matangazo kwenda mtandao mwingine, lazima uiambie kwa amri ya ip helper-address ilipeleke ombi kwa seva. Nikaandika mstari ule mmoja kwenye intafesi ya VLAN 20, anwani ikaja. Nilikuwa nimeshasoma hicho kitu kitabuni nikakipita tu, sasa hivi hata uniamshe usiku wa manane nitakueleza.

Sasa tuwe wakweli, kile nilijifunza bila kulipa hata senti, maana Packet Tracer ni bure ukijisajili Cisco Networking Academy. Kwa hiyo dola 300 hainunui ujuzi, inanunua jina la kuweka kwenye CV, na jina lenyewe lina thamani pale tu ambapo matangazo ya kazi unayoitaka yanalitaja. Nimepitia matangazo ya kazi za netiweki ninazozitamani, CCNA inatajwa karibu kila mahali. Za klaudi sijaona watu wakiisisitiza, na kama ningekuwa naelekea huko ningeanza na cha AWS.

Wanaokariri majibu ya mitihani iliyovuja ndo wananiumiza zaidi. Wanafaulu, wanaingia kwenye usaili, wanaulizwa VLAN mbili zinawasiliana vipi wanabaki kimya, na msaili yule akija kukutana na cheti kama hicho kwa mtu mwingine aliyekisotea kihalali anakuwa ameshakidharau.

Basi nimeamua hivi. Kwanza namuomba bosi, kwa sababu kampuni nyingi zina fungu la mafunzo ambalo hakuna anayeligusa. Akikataa nalipa mwenyewe, ila silipi mpaka niweze kujenga mtandao mzima wa mazoezi, VLAN, OSPF (ruta kupeana njia), ACL (sheria za nani apite), NAT (kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje), bila kufungua kitabu. Security+ naiacha kwanza, matangazo ninayoyafuata hayaitaji. A+ sifanyi, kazi ya helpdeski nimeshaifanya na barua ya kazi ninayo.