Mwacheni Alie

Nyumbani kwetu Muheza kulikuwa na sheria moja ambayo hata mgeni alielezwa kabla hajakaa: Babu asilizwe. Babu mwenyewe, mdogo wangu, alikuwa na miaka mitano. Alipewa jina la babu mzaa mama, na kwa kuwa Mama hakuweza kulitaja hovyo jina la baba yake, sote tukawa tunamwita hivyo, na yeye akawa anaitika kwa sauti ya mzee kweli.

Akitaka simu yangu, alipewa. Akitaka soda asubuhi kabla ya chai, mtu alitumwa dukani. Kuku akichinjwa firigisi ilikuwa yake, na Baba aliangalia pembeni akijifanya hajaona. Binamu zangu wakija likizo walipigwa makofi na Babu na hawakuruhusiwa kurudisha.

Haikuwa kwamba wazazi wangu hawajui kulea. Sisi wakubwa tulilelewa kwa mkono mzito. Kwa Babu walikuwa wanaogopa kilio. Alipolia sana midomo ilibadilika rangi, zikafuata kucha, kisha pumzi zikaenda mbiombio, na iliwahi kutokea akalegea kabisa mikononi mwa Mama macho yakiwa wazi. Hata akiwa ametulia midomo yake haikuwa ya kawaida. Majirani waliuliza kama amekula zambarau, tena miezi ambayo zambarau hazipo sokoni.

Alikuwa pia na mtindo wake wa kuchuchumaa. Wenzake wanakimbiza mpira wa makaratasi uani, naye anakimbia kidogo, anasimama, anachuchumaa magoti yakiwa kifuani na kichwa chini. Mchezo unasimama. Watoto wa mtaani walishazoea, wanamsubiri mikono kiunoni, akinyanyuka wanaendelea palepale walipoachia. Hakuna aliyemfundisha. Baadaye sana ndipo daktari alipotueleza kuwa ukichuchumaa mishipa ya miguuni inabanwa, shinikizo la damu mwilini linapanda, na ile damu iliyokuwa inayakwepa mapafu inalazimika kupitia huko kuchukua hewa. Yaani mtoto aliigundua dawa yake kabla ya watu wazima wote waliomzunguka, na walikuwa wengi.

Maana kwa muda mrefu alitibiwa nimonia. Kituo kimoja cha afya kilimpa dawa za kifua tangu hajatambaa, chupa baada ya chupa. Bibi upande wake alikuwa na kombe na hirizi. Mpaka siku tuliyomkuta daktari mmoja kijana, ambaye kabla ya kuuliza lolote alimtazama vidole. Ncha zake zilikuwa zimevimba kidogo na kuwa mviringo, jambo ambalo sisi tuliliona kila siku na hatukuliona. Akambana kidoleni kile kibanio chenye taa nyekundu, kinachopima kwa asilimia hewa iliyobebwa na damu. Kikasoma 74. Akakihamishia kidole kingine, 73. Akavuta karatasi akaanza kuandika barua ya rufaa, huku akituonyesha namna ya kumkunja magoti hadi kifuani akizidiwa.

Ilikuwa mwaka 2017. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina shule wala kazi, kwa hiyo nikaenda Dar na Mama kama msaidizi. Tulifikia kwa Shangazi, Tandika. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ndani ya eneo la Muhimbili, ilikuwa bado changa. Ilianza kujitegemea mwaka 2015. Miaka ya nyuma yake watoto wenye shida kama ya Babu walikuwa wakisubiri kupelekwa India, na si wote waliopata zamu.

Alipopimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, daktari alichukua kalamu akatuchorea moyo nyuma ya karatasi ya vipimo. Hapa kuna tundu, kati ya vyumba viwili vya chini. Hapa njia ya kupeleka damu mapafuni imebana. Huu mshipa mkuu umekaa juu ya lile tundu, kwa hiyo unachukua damu safi na chafu kwa pamoja. Na huu ukuta wa kulia umenenepa kwa sababu unasukuma kwa nguvu kuliko ulivyokusudiwa. Kasoro nne katika moyo mmoja, na zimebeba jina la Fallot, daktari Mfaransa aliyeziandika mwaka 1888. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza alikula nini wakati wa mimba. Daktari akamwambia hakuna alichokula. Moyo huumbika wiki za mwanzo kabisa, wakati mwingine mama hajajua hata kama ana mimba. Mama akashukuru. Kliniki iliyofuata tukamkuta daktari mwingine, akamuuliza swali lilelile.

Tulidhani sasa imebaki kupangiwa tarehe. Kumbe kuna meno. Babu alipofunguliwa kinywa, magego mawili yalikuwa yameoza. Tukaambiwa hapasuliwi mtu mpaka kinywa kiwe safi, kwa sababu vijidudu vya jino bovu huingia kwenye damu na kwenda kujishikiza kwenye moyo. Zile soda zote za kumnyamazisha zilikuwa zimetufikia kwa mlango wa nyuma. Mama na Shangazi walinuniana siku nzima kuhusu nani alikuwa anampa pipi, wakati Shangazi alikuwa amemjua mtoto kwa wiki chache tu. Meno yaling'olewa akiwa amepewa dawa ya usingizi, madaktari wa moyo wakiwa karibu, na tarehe ikasogea mbele.

Siku ya upasuaji yenyewe sina mengi ya kusema. Alikaa bila kula, akapelekwa, tukasubiri. Vijana wa bodaboda wa kijiweni kwa Shangazi walikuwa wameshachangia damu, na mmoja wao alikuja kukaa nasi kwenye benchi akiwa na helmeti mapajani, hatujui hata aliaga nani kazini. Ndani, mashine ilikuwa inafanya kazi ya moyo na mapafu ya Babu wakati wanaziba tundu na kuipanua ile njia iliyobana. Nimekuja kusoma baadaye kwamba mwaka 1954 huko Minnesota, Marekani, daktari Walton Lillehei aliwapasua watoto kabla mashine hizo hazijaenea, kwa kuunganisha mishipa ya mtoto na ya mtu mzima aliyelazwa kando yake, mara nyingi mzazi, ili moyo na mapafu ya yule mkubwa yawahudumie wote wawili. Nilipomsimulia Mama hakushangaa. "Si wangenifunga mimi," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Tuliruhusiwa kumwona ICU jioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mirija: mmoja mdomoni wa mashine ya kupumulia, mingine ikitoka kifuani kuingia kwenye chupa sakafuni, dripu shingoni na mkononi. Nilidhani Mama ataangalia bandeji. Yeye alikwenda moja kwa moja miguuni, akafunua shuka, akashika kidole gumba cha mguu wa Babu akakileta karibu na macho yake. Ukucha ulikuwa wa waridi. Akaangalia na wa pili. Aliangalia vidole vyote kumi, na sista akamwacha amalize.

Kesho yake mrija wa mdomoni ulitolewa, na tulipoingia Babu alikuwa macho. Neno lake la kwanza lilikuwa "maji", kwa sauti iliyokwaruza. Lakini maji yalikuwa ya kupimwa. Moyo uliotoka kushonwa hautakiwi kubebeshwa maji mengi, kwa hiyo kila kinachoingia kiliandikwa na kila mkojo uliandikwa. Sista alimpa kidogo kwa bomba la sindano, akalifuta, akaliweka mbali. Babu alilitazama lile bomba. Hajawahi maishani kuomba kitu akapewa robo yake. Akafungua mdomo akalia.

Mimi na Mama tuliruka kwa pamoja. Mama alikuwa ameshapitisha mkono chini ya magoti yake amkunje, kama alivyofundishwa na yule daktari kijana, pale sista alipomshika kiwiko.

"Mama, hapana. Mwacheni alie."

"Atazimia!"

"Dawa ya maumivu ameshapata. Hii ni kiu na hasira. Mwache alie, mapafu yanafunguka. Wewe tazama kule."

Akatuelekeza kwenye skrini. Kulikuwa na mistari inayokimbia na tarakimu za rangi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa ileile tuliyoijua kutoka kwenye kibanio cha kidoleni. Ilikuwa 97. Babu alilia, mishipa ya shingo imemtoka, machozi yanaingia masikioni. Ikawa 96. Mama akanishika mkono akanifinya nikaumia. Ikarudi 97. Akalia tena kwa nguvu zaidi, akaniita Dada, akamwita Bibi ambaye alikuwa Muheza, ikawa 98. Tulisimama pale tukisoma namba huku mtoto wetu anatutukana, na midomo yake ilikuwa myekundu. Alilia mpaka akachoka mwenyewe akalala. Mama hakusema kitu. Tulipotoka nje alikaa kwenye ngazi akacheka, kicheko kirefu mpaka watu wakageuka.

Wodini ndiko kazi ilikokuwa. Mtu wa mazoezi ya viungo alikuja na baluni, akataka Babu apulize mara nyingi kwa siku ili makohozi yasigande kifuani. Kukohoa kulimuuma, kwa hiyo tulimkunjia khanga ikawa mto mdogo, aukumbatie kwa nguvu kila anapokohoa. Baluni alizigoma. Sista mwingine, mkali, akamwambia asipopuliza hapewi simu. Babu akamtazama Mama amtetee. Mama akajifanya anakunja nguo. Akapuliza. Nilimwona akimwangalia Mama kwa chati tangu siku hiyo.

Kumbeba nako tulifundishwa upya: usimnyanyue kwa kwapa, maana mfupa wa kifua umekatwa na umefungwa kwa waya, unahitaji wiki sita au zaidi kushika. Unapitisha mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Jambo hilo lilikuwa rahisi kwetu na gumu kwa dunia nzima. Kwenye daladala, kondakta mwema akimwona mtoto anakimbilia kumrusha ndani kwa kwapa. Mama alikuwa akipiga kelele kituo kizima kisikie.

Tuliporudi Muheza watoto wa mtaani walimzunguka kuangalia kovu, kisha mpira ukaendelea. Babu alikatazwa kucheza kwanza, lakini hata aliporuhusiwa, alikimbia kidogo akachuchumaa. Mama akapiga simu Dar akitetemeka. Wakamuuliza rangi ya midomo, iko sawa. Anahema? Hahemi. Wakasema ni mazoea tu, yataisha. Yaliisha taratibu, na sikumbuki lini. Siku moja wenzake walisimama mikono kiunoni kumsubiri naye hayupo chini, ameshapita na mpira.

Kilichochukua muda mrefu zaidi ni kumwambia hapana. Baba alikuwa wa kwanza. Aliirudisha firigisi kwenye sahani yake, mbele ya watu wote. Babu alilia hadi jikoni, Bibi akatoka na mwiko mkononi kutaka kujua nani anamuua mjukuu wake, na nyama zikapoa huku wakubwa wakigombana. Wiki iliyofuata ikatokea tena. Mswaki, ambao sasa ni lazima, ulikuwa vita vya kila usiku.

Sasa yuko sekondari. Kliniki bado anakwenda. Valvu ya kuelekea mapafuni inavuja kiasi, jambo la kawaida kwa waliopasuliwa hivyo, na huenda ukubwani ikabidi ibadilishwe. Daktari amemruhusu mpira kwa sharti apumzike akichoka, kwa hiyo anacheza beki ya kulia. Mama hajawahi kwenda kumwangalia. Anasema akienda ataingia uwanjani kumtoa.