Mgeni siku mbili

Jumapili jioni, Norfolk.

Leo tumefunga Juma la Kuombea Umoja wa Wakristo, ambalo huku Uingereza huwa tarehe 18 hadi 25 Januari. Kijijini tulikuwa na ibada moja: sisi Waanglikana, Wamethodisti, na familia chache za Kikatoliki ambazo kwa kawaida huenda misa mjini. Kanisa letu ni la zamani sana, la mawe, na baridi yake haina huruma. Tulisali na makoti yetu mwilini.

Mezani kulikuwa na kikombe cha divai tunachopokezana sisi, na pembeni sinia la Wamethodisti lenye vigilasi vidogo vya maji ya zabibu yasiyo na kilevi. Kila mtu alichukua alichozoea. Wakatoliki walikuja mbele wakiwa wamekunja mikono kifuani, wakabarikiwa, wakarudi kukaa bila kushiriki. Hapo moyo uliniuma. Tunaomba pamoja, tunazikana, lakini Meza ya Bwana bado inatutenga.

Sisi wa Afrika Mashariki jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1913 wamisionari walikutana Kikuyu, Kenya, kupanga ushirikiano wa makanisa ya Kiprotestanti, wakamaliza kwa kushiriki Chakula cha Bwana pamoja. Askofu Frank Weston wa Zanzibar, Mwanglikana, aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi, na shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Hapa kijijini kidonda ni cha 1972. Bibi mmoja wa Kimethodisti bado anakikumbuka: kanisa lao lilikuwa limeshakubali kuungana, ila kwa Waanglikana kura hazikutosha. Agano kati ya makanisa haya mawili lilitiwa saini 2003, lakini muungano wenyewe bado.

Kilichowaleta Wamethodisti kwetu ni paa. Walikuwa wamebaki wachache, matengenezo yakawashinda, kanisa lao likauzwa na sasa ni nyumba ya mtu. Tukawafungulia mlango. Kasisi wetu anahudumia vijiji kadhaa, kwa hiyo Jumapili nyingine hayupo, na wanaoongoza ibada ni hao hao, kwa kuwa wamezoea tangu zamani wahubiri wasio wachungaji. Supu ya Kwaresima wanapika wao. Kapu la chakula cha wenye shida, pale mlangoni, wanalisimamia wao.

Halafu kwenye baraza la parokia bado wanaitwa "wageni wetu". Silipendi neno hilo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe wanalo kitambo. Kauli ndiyo hawana.

Taratibu za Kanisa la Uingereza zinamruhusu Mkristo wa kanisa linalokiri Utatu kuandikwa kwenye daftari la waumini, mradi awe amesali hapa miezi sita na ajitangaze kuwa mshiriki wa Kanisa hili pia. Akishaandikwa anaweza kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka, na jina lake likishakaa humo miezi sita anaweza kuchaguliwa barazani. Mkutano wa mwaka lazima ufanyike kabla Mei haijaisha, na nimeanza kuwafuata Wamethodisti wetu mmoja mmoja ili wajiandikishe. Yule bibi amekubali. Mwenzake anataka kwanza azungumze na mchungaji wao.