String ilipokataa kuwa String

Jana nilikaa karibu saa mbili nikiukodolea macho mstari mmoja wa programu ya Java. Klasi yenyewe (kiolezo cha kuundia vitu) fupi tu: class Sanduku<String>, ndani yake kigeu kimoja, yaani jina linalobeba thamani, String kitu = "habari". Kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikagoma. Eti java.lang.String (jina kamili la String, aina ya maandishi ya Java) haiwezi kugeuzwa kuwa String.

Nikafuta, nikaandika upya herufi kwa herufi. Wapi! Jibu lilikuwa palepale, kwenye mstari wa chini ya kosa ambao sikuwa nimeusoma: String ni kigezo cha aina kilichotangazwa na klasi Sanduku.

Nikaelewa. Klasi inapotangazwa, neno lililo kwenye mabano ya pembe ni jina jipya unalolibuni papo hapo, kama unavyokipa jina kigeu. Mimi nilidhani nimesema "sanduku la maandishi", kumbe nimesema "sanduku la aina yoyote ile, na aina hiyo tuiite String". String halisi ikafunikwa. Ili nijiridhishe, nikakiondolea kile kigeu thamani yake ya kuanzia, kisha nikaandika new Sanduku<Integer>(), yaani sanduku la namba kamili. Ikapita bila neno! Tangu hapo desturi ya kuviita vigezo vya aina kwa herufi moja, kama T, E, K na V, naiheshimu kwa moyo wote, maana ukiona herufi moja unajua hiyo si klasi ya mtu.

Kosa hili lina pacha wake kwenye metodi, yaani kitendo kilichoandikwa ndani ya klasi: public <T> void weka(T kitu), ndani ya Sanduku<T>. Ile <T> ya metodi inazaa T nyingine kabisa, na ukijaribu kuihifadhi thamani kwenye kigeu cha klasi utaambiwa T#1 haiwezi kugeuzwa kuwa T#2. Futa <T> ya metodi, yameisha. Isipokuwa kwa metodi za static, zile za klasi yenyewe zinazoitwa bila kuunda kitu: hizo haziwezi kuigusa T ya klasi, zikihitaji kigezo cha aina lazima zitangaze cha kwao. Nahisi mazoea mabaya yanaanzia hapo, tunanakili kutoka kwenye static bila kujua kwa nini ilikuwepo. Zangu za static sasa naziandika kwa U.

Leo asubuhi nimepekua faili zangu za nyuma. <T> ya metodi nimeikuta mara tatu, moja tu ndiyo ya static. Zile mbili hazikuwahi kulalamikiwa, kwa sababu zilikuwa zinachapisha thamani tu, haziihifadhi popote.