Siku moja maishani mwangu: kusaka maikroRNA kwenye damu

Saa kumi na mbili asubuhi niko kwenye daladala. Saa moja na nusu nimeshavaa koti na glavu, nimefuta meza kwa dawa ya kuharibu vimeng'enya vinavyokula RNA, molekuli ambazo seli huzinakili kutoka kwenye DNA. Vipo hata vidoleni mwetu, ndiyo maana simu siingii nayo.

Wengi wakisikia niko maabara huniuliza habari za malaria. Mimi napima maikroRNA: vipande vya RNA vyenye herufi 22 hivi, vinavyozuia jeni nyingine zisitoe protini. Kimoja, let-7, huibana jeni ya RAS inayochochea seli kugawanyika; kwenye saratani ya mapafu mara nyingi hupungua, na uvimbe ukapata nafasi ya kukua. Nyingine, miR-21, yenyewe huzidi. Familia ya miR-200 husaidia seli zibaki zimeshikamana. Ikififia, seli huachana na kusafiri hadi kwenye ubongo, mifupa, ini. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipopewa Nobeli mwaka 2024 kwa kugundua maikroRNA, nilimpigia mama: "Mama, ndivyo vile ninavyovipima!"

Sampuli za damu ya wagonjwa zilitakiwa kufika saa tatu. Saa tano, kimya. Nampigia dereva.

"Kaka, umefika wapi?"

"Dada, foleni. Nipo hapa Ubungo."

Sanduku linaingia saa saba, barafu imeshakuwa maji. Naweka vichupa kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha damu kwa kasi ili itengane, navitoa. Plazma, yaani majimaji ya damu yanayobaki juu, inatakiwa iwe ya manjano mepesi. Vitano kati ya kumi na viwili ni vyekundu kama juisi ya rozela. Chembe nyekundu zimepasuka, na zimejaa maikroRNA zake zenyewe, miR-451 na miR-16. Nikipima hivyo, nitaandika habari za damu iliyoharibika nikidhani ni za uvimbe. Navitenga. Namba 9 ni ya mzee aliyemeza dawa za TB miezi mingi kabla ya mtu kufikiria saratani. Nampigia nesi.

"Pole dada, ameshapanda basi kurudi kwao."

Nakaa. Simwagi chozi, ila nakaa.

Kisha pipeti, kifaa cha kunyonya na kudondosha matone madogo: mikrolita kwa mikrolita, kisima kwa kisima cha sahani ya plastiki, dole gumba likiwaka moto. Safu ya tano nimepoteza hesabu, naanza upya. Nje giza limeingia, sijui tangu lini. Mashine ya PCR, inayozidisha nakala za vipande hivyo ili vipimike, inamaliza mizunguko yake 40; kwenye skrini mistari ya sampuli saba imepanda vizuri, na marudio yanakubaliana.

Sampuli naziingiza kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Juu ya orodha ya kesho naandika: kumpigia tena nesi, namba 9.