Mboga iliyokolea bila kidonge cha supu: ninavyopika

Anayeacha nyama na kidonge cha supu kwa wakati mmoja hukutana na chakula chapwa, kisha anailaumu mboga. Kosa si la mboga. Kidonge cha gramu 10 kwa kawaida karibu nusu yake ni chumvi, na kinachobaki kina glutamati, mafuta yaliyogandishwa, wanga na sukari kidogo. Ukikitoa na kuendelea kutia kijichumvi kilekile cha zamani, umeondoa chumvi nyingi na utamu wa supu kwa mkupuo mmoja bila kuweka chochote mahali pake. Mimi navirudisha vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake: chumvi naipima kwa kijiko, na ule utamu nautafuta kwenye nyanya iliyokaangwa ikakauka, kwenye uyoga mkavu, na kwenye maji yaliyoivishia maharage.

Sufuria ninayoitumia kama kipimo ni ya maharage ya nazi. Nusu kilo ya maharage mekundu makavu hutoa kama kilo 1.2 yakiiva, chakula cha watu 6. Nayaloweka kwenye lita 2 za maji zenye chumvi kijiko kimoja na nusu cha mezani, kwa saa 8 hadi 12. Wengi wameambiwa chumvi huyafanya maharage yasiive. Ni kinyume chake: chumvi hulainisha ganda, kwa sababu sodiamu inachukua nafasi ya kalsiamu inayolishikilia. Vinavyogomesha maharage ni uchachu, maji ya kisima yenye chokaa, na umri. Maharage yaliyokaa ghalani miaka miwili utayachemsha mpaka mkaa uishe. Kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa sivuki saa 12, maana povu huanza na maji hutoa harufu ya kuchacha.

Maji ya kuloweka nayamwaga. Naweka maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole vitatu, naacha yachemke kwa nguvu dakika 30, ndipo napunguza moto. Hizo dakika za mwanzo si za ladha. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuharisha, nayo huvunjwa na mchemko mkali, si na joto la vuguvugu. Wenye jiko la kikapu, lile linalohifadhi joto chakula kiive bila moto, waangalie hapo: kuchemsha dakika tano na kufunika kikapuni hakutoshi. Baada ya mchemko huo, kati ya dakika 45 na 75 zaidi yanakuwa tayari, na nyanda za juu kama Nairobi au Mbeya hukawia kuliko pwani kwa kuwa maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Nachukua punje tano kutoka sehemu tofauti za sufuria na kuziponda kwa ulimi. Moja ikiwa na kiini kigumu, bado. Magadi huharakisha, sikatai, ila huacha ladha ya sabuni na kuharibu vitamini B1, kwa hiyo hayaingii kwangu.

Wakati hayo yanaendelea, nashughulikia kazi inayobeba sufuria nzima: kuunga.

Vitunguu maji viwili vikubwa, kama gramu 250, vimekatwa vyembamba. Mafuta ya alizeti vijiko vitatu vya mezani. Ya kukamuliwa Singida yana harufu yake nzuri, lakini kama hayakuchujwa vizuri huungua mapema, hivyo hayafai moto mkali. Kitunguu kinaingia na chumvi nusu kijiko cha chai ili kitoe maji, kwenye moto wa wastani, dakika 12 hadi 15, mpaka kiwe rangi ya dhahabu iliyokolea. Wengi huishia dakika ya nne, kitunguu kikiwa kimelegea tu na bado cheupe. Hapo ndipo kidonge kinapoanza kuhitajika. Kingo zikianza kuwa nyeusi kabla ya katikati kubadilika rangi, moto ni mkali: ondoa makaa mawili, nyunyiza maji kijiko kimoja, koroga ukikwangua chini.

Kitunguu saumu punje 5 na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, vyote vimetwangwa, vinaingia mwishoni kwa dakika moja tu. Kitunguu saumu kikiungua ni kichungu na hakuna dawa; mwaga uanze upya, ni nafuu kuliko kuharibu nazi.

Kisha nyanya 4 zilizoiva hasa, gramu 400 hivi, nimezikuna kwenye kikunio na kutupa ganda. Bila kufunika, bila kuongeza maji, dakika 10 hadi 15, mpaka mwiko ukipita uache njia inayoonekana chini ya karai na mafuta yajitenge pembeni. Maji yakiingia kabla ya hapo, nyanya inabaki na ukali wa ubichi hata ukichemsha saa nzima, kwa sababu sasa inachemka, haikaangiki. Sitii nyanya ya kopo. Msimu wa nyanya rahisi nachemsha kilo moja mpaka ibaki robo, naigandisha kwenye vyombo vya barafu, na vipande viwili vinatosha kukoleza sufuria.

Bizari inaingia nyanya ikishakauka, kwa kuwa harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ya madukani iliyosagwa mara nyingi ina chumvi na unga ndani, na imeshakaa. Ninayoisaga ni hii: giligilani vijiko 4 vya mezani, binzari nyembamba 2, pilipili manga 1, karafuu punje 4, kipande cha mdalasini cha sentimita 3, uwatu nusu kijiko cha chai. Naanza na giligilani kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, nyingine zinafuata, uwatu mwisho kabisa kwa sekunde 20, maana ukizidi rangi ya kahawia hutia uchungu kwenye bizari yote. Zikipoa ndipo nasaga, nachanganya manjano ya unga kijiko kimoja cha mezani. Sufuria ya maharage hula vijiko viwili vya chai. Chupa naijaza kidogo tu. Baada ya miezi miwili mitatu harufu imeondoka na unabaki na rangi.

Pamoja na bizari natia uyoga wa unga, kijiko kimoja cha chai. Huu ni uyoga wa mamama (oyster) wa kulimwa, uliochanwa, ukaanikwa mpaka ukatike kama biskuti, ukatwangwa na kuchekechwa. Peke yake hauna maajabu, lakini kwenye nyanya iliyokaangwa huongeza kina ambacho watu hudhani ni supu ya mfupa. Uyoga wa kuokota porini usiutumie kwa hili kama humjui aliyeuchuma au huna hakika kwamba anajua anachochuma.

Maharage yanaingia kwenye msingi huo pamoja na vikombe viwili vya maji yake, yanachemka pole dakika 15. Naponda upawa mmoja ubavuni mwa sufuria ili rojo lishike.

Tui sasa. Nazi moja kubwa iliyokunwa bila kufika kwenye ngozi ya kahawia, ambayo huleta rangi ya kijivu. Kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nakamua na kuchuja: hilo tui zito, naliweka kando. Vikombe viwili vingine vinatoa tui jepesi, nalo linaingia mapema na kuchemka na maharage. Zito linaingia mwisho, moto ukiwa mdogo, nikilipandisha kwa upawa bila kuacha mpaka litokote kidogo tu, kama dakika 5. Tui hukatika kwa sababu tatu: moto mkali, kuliacha bila kukoroga, na uchachu mwingi. Nyanya iliyokaushwa sawasawa haiharibu. Ukwaju au ndimu vingoje sufuria itoke motoni. Likikatika bado linaliwa, ni sura tu iliyoharibika.

Chumvi yote, ukiacha ya kuloweka, ni vijiko viwili vya chai, kama gramu 12, yaani gramu 2 kwa mlaji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku, basi nafasi ipo. Naigawa: kwenye kitunguu, maharage yanapoungwa, na baada ya tui. Ukionja na kuona kuna kitu kimepungua hali chumvi ipo, usiongeze chumvi. Kamulia ndimu nusu. Mara nyingi kilichopungua ni uchachu.

Mboga za majani hazina mambo mengi. Mchicha nusu kilo unaoshwa kabla ya kukatwa, unakung'utwa maji, unaingia kwenye karai pana juu ya kitunguu kilichokwisha kukaangwa, moto mkali, bila mfuniko, dakika 4. Karai ikiwa ndogo majani hujichemsha kwenye maji yake. Karanga zilizokaangwa na kutwangwa, gramu 100, nazikoroga na maji ya moto kwanza zisifanye mabonge, ndipo zinaingia kwenye mchicha. Zilizokunjamana au zenye ukungu natupa, kwani sumukuvu haiondoki kwa kukaanga. Mnafu mchungu huungwa vizuri kwa maziwa au malai, kama wanavyofanya Wakenya wengi, ambao huuita managu. Kisamvu kina sheria yake: kitwangwe kabisa, kichemshwe wazi si chini ya nusu saa, ndipo kiungwe.

Choroko naziunga kinyumenyume, nikifuata majiko ya Wagujarati wa Zanzibar na Mombasa. Zinaiva kwa manjano na chumvi tu. Mwishoni napasha mafuta vijiko viwili, haradali kijiko kimoja cha chai mpaka ziruke, binzari nyembamba, pilipili kavu moja, na mvuje (utomvu mkavu wa mmea, wenye harufu kali) kiasi cha ncha ya kisu, kisha namimina yakiwa yanachemka juu ya choroko na kufunika papo hapo. Mvuje watu wa pwani wanaujua zaidi kama dawa ya watoto. Kwenye mafuta ya moto ile harufu kali hugeuka ikawa karibu na kitunguu saumu.

Maharage ya akiba nayatoa kabla ya tui. Yakishaungwa hukaa friji siku 3, au hugandishwa mwezi mzima, lakini yenye tui huchacha haraka, na siku za joto hayamalizi mchana mezani. Siku ya kula nayapasha mpaka yachemke, nakamua nazi mpya, naonja chumvi tena.