Kisu cha kiunoni, visu vya kurusha

Tengeru, Jumapili usiku

Leo nimekitoa kisanduku cha chini ya kitanda na kukitazama tena kisu changu cha kwanza, au tuseme vipande vyake viwili. Nilikinunua dukani kwa shilingi 40,000 kwa sababu kilikuwa kizuri: bapa jeusi, meno ya msumeno mgongoni, mpini mnene wenye dira ndogo kwenye kifuniko. Muuzaji aliniambia ni kisu cha makomando. Nilikwenda nacho milimani mara mbili, nikakatia kamba na kumenyea viazi, wala sikuona kasoro. Kisha nikaanza kukirusha.

Mrusho wa nne au wa tano kilipiga gogo kiubavu. Mpini ukaanguka palepale, bapa likaruka kurudi nyuma na kutua karibu na miguu ya mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekuwa amekalia ndoo akitazama. Hakuguswa. Mimi niliketi chini, miguu imeniishia nguvu. Naanza na hilo kwa sababu rafiki zangu wananiuliza kila mara kuhusu kisu cha bei nafuu kinachodumu, cha porini na cha kurushia pia, na kila wakiuliza naliona lile bapa likizunguka hewani.

Vipande nilimpelekea mhunzi mmoja mzee, huku huku kwetu chini ya Meru. Nilimwamkia, akaitikia, akakigeuza kile kisu mara moja tu.

"Mwanangu, msuka wake uko wapi?"

Msuka ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wa kisu changu ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba. Mpini ulikuwa mtupu, umeachwa uwazi wa kuwekea kiberiti na ndoano, na bapa lilishikiliwa na nati moja. Akanionyesha palipokatika: mahali bapa linapoishia na msuka kuanza, pamekatwa pembe ya mraba. "Chuma hakipendi pembe," alisema. "Pigo lote hukimbilia hapo. Pakiviringishwa, kinavumilia."

Tangu siku ile makali siyatazami kwanza. Makali hutiwa na kinoo, hata kisu duni ukikinoa vizuri kitakata kwa siku moja. Natazama chuma kinaishia wapi. Kisu ninachokiamini kimekatwa kwa kipande kimoja kuanzia ncha hadi kitako cha mpini, na mbao mbili zimebanwa pembeni kwa ribiti, kiasi kwamba ukikishika unauona mstari wa chuma umezunguka mkono wako wote. Mpini ukipasuka porini, unaufunga kamba ya katani na kuendelea na kazi. Visu vingi vya dukani haviruhusu kuona hivyo. Msuka umefichwa ndani ya plastiki na muuzaji mwenyewe haujui urefu wake. Siku hizi kama siuoni, siulizi hata bei.

Sisemi kila kisu chenye msuka uliofichwa ni kibovu. Rafiki yangu aliyesoma Uswidi alirudi na Companion ya Morakniv, vile visu vya mji wa Mora, bapa la sentimita 10 hivi na unene wa milimita 2.5. Msuka wake haufiki mwisho wa mpini. Niliazima wiki nzima, na kwa kuchonga vijiti, kuchuna samaki na kukata nyanya kinakishinda kisu changu cha sasa, kwa sababu ni chembamba na chuma chake kimepikwa vizuri. Ila rafiki yangu hakirushi, na amefanya jambo la maana.

Cha kwangu kilifuliwa na yule mzee kwa springi ya lori, zile bapa zinazopangwa juu ya ekseli. Chuma cha springi huwa na kaboni karibu asilimia 0.6, kinatosha kushika makali, na kimeumbwa kupinda na kurudi, kwa hiyo hakikatiki ovyo. Alikipasha hadi kikawa chekundu kama kaa, akakichovya kwenye oili. Hapo kikawa kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae, ndipo akakirudisha kwenye joto la wastani kukipunguza ugumu. Kabla ya kumlipa alinipa tupa nipitishe kwenye makali. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma kirahisi na kung'oa unga, kisu kitakuwa butu kabla ya jioni. Iliteleza. Bapa ni sentimita 13, mgongo milimita 4, na nimelipa shilingi 25,000 pamoja na ala ya ngozi.

Nilichokuwa nimemwomba, kusema kweli, ni kisu kimoja cha kazi zote mbili. Alikataa.

"Umewahi kumwona morani akirusha sime?"

Nilikaa kimya. Nimekua naona sime za Kimaasai, zile zinazopanuka kuelekea ncha ili uzito uende mbele. Hukata miti, huchinja, hulala kwenye ala kiunoni. Kinachorushwa ni rungu. Kwa miaka yote niliyoishi Arusha sikuwahi kujiuliza kwa nini. Wazande wa kaskazini mwa Kongo nao walikuwa na kpinga, silaha ya kurusha yenye mabapa kadhaa yanayochomoza pande tofauti ili ikizunguka upande wowote utue kwa makali. Huwezi kumenyea muhogo kpinga. Wale waliorusha kweli walitenganisha kazi hizo mbili.

Sababu iko ndani ya chuma chenyewe. Kisu cha kukata kinataka ugumu, na ugumu unachukia kishindo cha ubavu. Kisu cha kurusha kinataka chuma laini zaidi, ambacho kikipiga vibaya kinapinda badala ya kukatika, nawe unakinyoosha kwa nyundo. Hakihitaji makali, ncha tu. Mbao za mpini ni hasara, zitapasuka wiki ya kwanza.

Kwa hiyo fundi wa kuchomelea alinikatia vitatu vinavyofanana kutoka pande la chuma bapa: urefu sentimita 30, upana 3, unene milimita 4, kila kimoja karibu gramu 250. Vyote vitatu shilingi 12,000. Kingo nimezipiga tupa zisikate kiganja. Vyepesi nilivyojaribu kabla ya hapo vilikuwa vinapeperuka, lakini hivi vizito vinakwenda kwa mwendo ule ule kila mara.

Narusha kwenye mgomba. Mkungu ukishakatwa shina lile halizai tena, basi nalikata pande na kulisimamisha. Ni laini, kisu kinazama bila kishindo, na mkono unajifunza. Baadaye nimepata gogo la paina, nimelipanga uso wa mduara ukinielekea ili ncha iingie kati ya nyuzi. Nikiona mpini umeinuka juu kisu kinapogonga, kimezunguka kupita kiasi, nasogea mbele nusu hatua. Ukiinama chini, narudi nyuma. Mti ulio hai siugusi.

Utomvu wa mgomba umekipaka kisu cha kazi madoa meusi, na nisipokifuta kabla ya kulala kinaanza kutu. Ndugu zangu wa Tanga na Pangani, kwa chumvi ile ya hewani, afadhali mtafute chuma kisichoshika kutu. Mimi huku nakipaka mafuta ya nazi na kukilaza nje ya ala, kwa sababu ngozi inatunza unyevu.

Leo jioni nilirusha hadi giza lilipoingia. Nyuma yangu, hatua kumi, kuna mstari uliochorwa ardhini kwa kijiti. Aliuchora mpwa wangu mwenyewe bila kuambiwa, na kila nikiinua mkono nasikia akirudi nyuma ya mstari kwanza.